Watoto Watatu kwa Kila Mia

Mtoto akishalia na kukatwa kitovu, mkunga mzoefu huwa amemaliza kumkagua kabla mama hajaletewa uji. Kiganja hupita utosini kupapasa maungio ya fuvu. Macho hufunguliwa taratibu kuona kama mboni ni safi au ina ukungu mweupe. Kidole chenye glavu huingia kinywani na kulifuata kaakaa kutoka kwenye ufizi hadi nyuma kabisa, kwa kuwa mdomo unaweza kuwa mzima kwa nje na kaakaa likawa na ufa ndani. Vidole vya mikono na vya miguu huhesabiwa. Nyonga hutanuliwa polepole, mkunga akisikilizia kama mfupa unateleza. Kisha mtoto hulazwa kifudifudi juu ya mkono wa kushoto, na kidole kimoja cha mkono wa kulia hushuka na uti wa mgongo, pingili baada ya pingili, kikitafuta kishimo, uvimbe au kishungi cha nywele mahali pasipokuwa pake. Mwisho hutazamwa sehemu za siri na tundu la haja kubwa.

Ukaguzi huo hautaki umeme wala mashine. Unataka mikono safi, mwanga wa kutosha, na mkunga ambaye haitwi kukimbilia kitanda cha pili anakosukuma mama mwingine. Kwa watoto walio wengi hauonyeshi neno. Kwa wachache huonyesha jambo ambalo familia italiishi miaka yote ijayo.

Wachache wangapi? Swali hili lingekuwa jepesi kulijibu hapa Machakos, nchini Kenya, kama tungekuwa tunawahesabu watoto hawa kwa namna inayofaa. Hatuwahesabu hivyo, na hilo ndilo lililonisukuma kuandika.

Katika nchi zenye daftari la kuaminika, jibu huzunguka palepale: watoto kama watatu kwa kila mia huzaliwa na kasoro kubwa ya mwili, yaani ile inayohatarisha uhai au kuacha ulemavu isipotibiwa. Marekani huhesabu mtoto mmoja kwa kila 33. Shirika la March of Dimes, katika ripoti yake ya mwaka 2006 iliyotumia mizani pana zaidi na kujumlisha hata kasoro zinazojitokeza mtoto akishakua, lilikadiria watoto milioni 7.9 kwa mwaka duniani kote, karibu sita kwa kila mia. Shirika la Afya Duniani, WHO, linakadiria kwamba watoto 240,000 hufariki kila mwaka kwa sababu ya kasoro hizi kabla ya kutimiza siku 28, na wengine 170,000 hufariki kati ya mwezi wa kwanza na mwaka wa tano. Kati ya kila watoto kumi wanaozaliwa na kasoro kubwa, tisa huzaliwa katika nchi za kipato cha chini na cha kati, nchi kama yetu.

Kaunti ya Machakos ilikuwa na watu 1,421,932 katika sensa ya mwaka 2019. Hakuna sababu ya kuamini kwamba mimba za Masii, Yatta au Kathiani zina kinga ambayo dunia nyingine haina. Kituo cha afya kinachozalisha akina mama 300 kwa mwaka kitarajie watoto tisa wenye kasoro kubwa. Hospitali inayozalisha 3,000 itarajie tisini. Itaje hesabu hiyo sokoni Tala siku ya gulio na wengi watakukatalia. Kila mtu anamjua mtoto mmoja au wawili wa namna hiyo kijijini kwao, hawajui tisini. Basi hao wengine wako wapi?

Wengine kasoro yao haionekani siku ya kwanza. Karibu mtoto mmoja kwa kila mia huzaliwa na hitilafu ya moyo, kubwa au ndogo, na moyo haupapaswi kwa kidole. Mama atagundua mtoto anapoanza kutokwa jasho jingi akinyonya, kupumzika katikati ya titi na kukosa uzito kila akipelekwa kliniki. Uziwi hugunduliwa mtoto akiwa na miaka miwili, anapoitwa kutoka nyuma na asigeuke. Figo moja ikikosekana, huenda isijulikane kamwe. Wengine walizaliwa wakiwa wamekwisha kufariki na hakuna aliyewachunguza. Wengine walifariki wiki ya kwanza na kuandikwa kwamba walishindwa kupumua, jambo ambalo ni kweli, ila halisemi ni kwa nini walishindwa. Na wapo waliofungiwa chumba cha nyuma.

Utafiti wa kitaifa wa hali ya watu na afya wa mwaka 2022 ulionyesha kwamba watoto 21 kwa kila 1,000 wanaozaliwa hai nchini Kenya hufariki ndani ya mwezi wa kwanza. Wengi wao huondolewa na kuzaliwa njiti, kukosa hewa wakati wa kuzaliwa, na maambukizi. Hayo matatu tunayapunguza mwaka hadi mwaka, na kila yanapopungua, kasoro za kuzaliwa huchukua sehemu kubwa zaidi ya vifo vinavyobaki. Nchi tajiri zilikwisha kuipitia njia hiyo: Marekani leo, karibu kifo kimoja kati ya kila vitano vya watoto wachanga hutokana na kasoro za kuzaliwa. Huko ndiko tunakoelekea, na tunaelekea bila daftari.

Utafiti huohuo wa 2022 ulitoa habari njema ambayo watu wa hesabu wangepaswa kuirukia: kina mama tisa kati ya kumi walisaidiwa kujifungua na mhudumu mwenye ujuzi. Mtoto aliyezaliwa mikononi mwa muuguzi anaweza kukaguliwa na kuandikwa. Kinachokosekana ni mahali pa kumwandika. Katika fomu ya ripoti ambayo kila kituo hujaza mwishoni mwa mwezi na kuipeleka juu hadi wizarani, watoto waliozaliwa na ulemavu wamepewa mstari mmoja, kwa tarakimu moja. Mwenye mdomo uliopasuka, mwenye mgongo wazi, mwenye kidole cha sita kilichoning'inia na mwenye utumbo uliotokeza nje ya tumbo wote ni 1. Wakijumlishwa wanakuwa 4. Daktari wa kaunti akiitazama hiyo 4 hawezi kujua amtafute daktari gani, anunue nini, wala aogope nini.

Kidole cha sita nimekitaja kwa makusudi. Kati ya watu weusi ni jambo la kawaida sana, mara nyingi hurithiwa katika ukoo, na kikiwa hakina mfupa hufungwa uzi na muuguzi au kuondolewa bila shida. Mgongo wazi ni dharura ya siku zilezile za kwanza. Kuviweka viwili hivyo katika tarakimu moja ni sawa na kutohesabu.

Yote haya yanauma zaidi kwa sababu Machakos iliwahi kuhesabu, tena kwa namna ambayo sehemu chache za Afrika zimewahi kuhesabiwa. Kuanzia mwaka 1973, Kituo cha Utafiti wa Tiba cha Nairobi, kilichokuwa chini ya Taasisi ya Kifalme ya Tropiki ya Amsterdam, kilifanya kazi Matungulu na Mbiuni, katika kaskazini ya iliyokuwa Wilaya ya Machakos. Watu wapatao 24,000 waliandikishwa. Wahudumu wa mradi walipita kila boma kila baada ya wiki mbili: nani ana mimba, nani amejifungua, nani anakohoa, nani ametokwa na vipele, nani amehama, nani amefariki. Enzi hizo wanawake wengi wa sehemu hizo walijifungulia nyumbani, mikononi mwa wakunga wa jadi, kwa hiyo kusubiri hospitalini kungekuwa kuwakosa. Mradi uliwafuata walipo. Matokeo yalikusanywa katika kitabu kilichohaririwa na J. K. van Ginneken na A. S. Muller, kilichotoka mwaka 1984, na hadi leo mtu anayesomea afya ya jamii, awe Nairobi au Ulaya, anaweza kukutana na jina la Machakos humo.

Katika miaka hiyohiyo ya sabini, utafiti wa Wizara ya Afya ya Kenya na WHO uliochapishwa mwaka 1977 ulichunguza ni umri gani hasa mtoto wa Kenya achanjwe surua. Akichanjwa mapema mno, kinga aliyoachiwa na mama huiua chanjo; akicheleweshwa, surua humfikia kwanza. Ule mwezi wa tisa ulioandikwa katika kijitabu cha kliniki cha kila mtoto wa Kenya ulitokana na hesabu za aina hiyo. Watu walihesabu, na baada ya hapo watoto wa nchi nyingi wakachanjwa kwa wakati unaofaa.

Faida ya kuhesabu kasoro za kuzaliwa imeonekana karibu zaidi na wakati wetu, huko Botswana. Mwaka 2014 nchi hiyo ilianzisha utafiti uitwao Tsepamo. Wakunga wa hospitali kubwa walifundishwa kumkagua kila mtoto kwa utaratibu uleule nilioanza nao makala haya, na wakiona kasoro, mama akikubali, huipiga picha ikaangaliwe na mtaalamu. Mnamo Mei 2018 daftari hilo lilipiga kengele: kati ya watoto 426 ambao mama zao walikuwa wakitumia dawa mpya ya virusi vya UKIMWI, dolutegravir, waliposhika mimba, wanne walikuwa na hitilafu ya uti wa mgongo au ubongo. Dunia ilishtuka. Kenya ikawa miongoni mwa nchi zilizowawekea vikwazo wanawake wa umri wa kuzaa, wakati wanaume waliendelea kupewa dawa hiyo iliyo bora na yenye madhara machache. Julai 2018 wanawake wa Kiafrika wanaoishi na virusi, Wakenya wakiwemo, walikutana Kigali wakadai haki ya kujichagulia wenyewe.

Botswana haikubishana na mtu. Iliendelea kuhesabu. Kufikia mwaka 2022, mimba za waliotumia dawa hiyo zilikuwa zimepita 9,000, na kiwango cha kasoro kilikuwa kimeshuka hadi karibu mtoto mmoja kwa kila 1,000, sawasawa na wale wa dawa nyingine. Mamilioni ya wanawake wa bara hili wanameza dolutegravir leo kwa sababu wakunga wa Botswana waligeuza watoto kifudifudi na kupitisha kidole mgongoni, mmoja baada ya mwingine, kwa miaka minane.

Majirani zetu wa Uganda nao wameanza. Tangu mwaka 2015, mradi wa ushirikiano kati ya Chuo Kikuu cha Makerere na Johns Hopkins umekuwa ukifuatilia vizazi katika hospitali nne za Kampala: Mulago, Mengo, Nsambya na Rubaga. Katika miaka yake ya mwanzo ulipata takriban watoto 66 wenye kasoro kwa kila 10,000. Msomaji makini atauliza kwa nini hiyo ni chini ya moja kwa mia, ilhali nimesema watatu. Ni kwa sababu Kampala walihesabu kasoro kubwa chache walizozichagua, zinazoonekana kwa macho siku ya kuzaliwa. Moyo haumo. Figo hazimo. Uziwi haumo. Hata hivyo, orodha fupi inayojazwa kila siku imewapa kitu ambacho sisi hatuna: wanajua kwamba matatizo ya tundu la mkojo la wavulana na miguu iliyopinda ndiyo yanayoongoza, na wanajua wajiandae vipi.

Sasa nije kwenye sufuria la Ukambani, kwa sababu hapa hesabu inahusu chakula.

Mnamo Aprili 1991, katika hospitali moja ya Brownsville, jimbo la Texas, watoto watatu walizaliwa bila sehemu kubwa ya ubongo ndani ya saa 36. Wafanyakazi wa wodi walikataa kuliita jambo hilo bahati mbaya. Walipiga kelele, wachunguzi wakaja, na uchunguzi ukaendelea kwa miaka mingi ng'ambo zote mbili za mpaka wa Mexico. Watu wa huko huishi kwa mahindi kama tunavyoishi sisi. Utafiti uliochapishwa mwaka 2006 ulihusisha kasoro hizo na fumonisini, sumu ya kuvu inayoota kwenye mahindi, ambayo huzuia seli zisiipokee foleti, ile vitamini inayofunga mgongo wa mtoto tumboni.

Machakos inaijua sumu ya mahindi, ingawa ni ya kuvu mwingine. Mwaka 2004, aflatoksini iliwafanya watu 317 waugue na kuwaua 125 kati yao, wengi wao Makueni na Kitui, Machakos na Thika zikiwa miongoni mwa wilaya zilizopigwa. Tangu hapo kila mtu anajua kwamba mahindi yaliyovunwa na unyevu na kurundikwa sakafuni ni hatari kwa ini. Wachache wameambiwa kwamba kuvu wa mahindi huenda pia wakawa hatari kwa mimba. Ukavu wa mahindi na ghala safi huenda vikahusu mgongo wa mtoto pia, na huo ni ujumbe ambao afisa wa kilimo na muuguzi wangeweza kuutoa kwa pamoja.

Walioishi Ukambani kabla yetu walikuwa na akili. Mahindi ya muthokoi hukobolewa kwanza, na kukoboa huondoa ganda ambamo sehemu kubwa ya aflatoksini hukaa. Wanasayansi wa Kenya wamelipima hilo na kuona sumu inapungua sana. Mahindi ya isyo huenda na maharagwe. Kuna ndengu, kuna mbaazi, kuna kunde na majani yake. Vyote hivyo vina foleti. Anayeshindia ugali mweupe na chai kutwa nzima, kama wengi wanavyofanya mwezi wa njaa, ndiye aliye pabaya.

Mwaka 2012 Kenya ilitunga kanuni kwamba unga wa mahindi na wa ngano unaouzwa ukiwa umefungwa lazima urutubishwe, asidi ya foliki ikiwemo. Ni kanuni nzuri, na Mei 2023 Mkutano wa Afya Duniani ulipitisha azimio la kuzihimiza nchi zote zifanye hivyo, hasa kwa ajili ya mgongo wazi. Lakini tembea Wamunyu au Kithimani jioni, uone msururu wa watoto wenye ndoo na gorogoro la mahindi mbele ya mashine ya kusaga. Mahindi yametoka ghalani kwa mama, yanaingia mashine, yanatoka unga na kurudi nyumbani yakiwa vilevile. Kanuni ya 2012 haimfikii mama huyo. Ndoo yake haina pakiti yenye nembo. Upo uwezekano wa kufunga kifaa kidogo cha kupimia virutubisho kwenye mashine za vijijini, na iwapo kaunti inatafuta mradi wa afya usiohitaji jengo jipya la kuzinduliwa, ninge­upendekeza huo kabla ya mwingine wowote.

Kwa maana vidonge vya kliniki huchelewa. Mgongo wa mtoto huanza ukiwa bapa, kisha kingo zake hujikunja na kukutana kama zipu, na kufikia siku ya 28 baada ya mimba kutungwa kazi hiyo huwa imekwisha. Siku ya 28 mama amechelewa hedhi kwa wiki mbili tu, pengine anadhani ni uchovu wa shamba. Wengi huanza kliniki mwezi wa nne au wa tano, wakakabidhiwa vidonge vya madini ya chuma na asidi ya foliki, vya bure, vizuri kwa damu yao. Kwa mgongo wa mtoto vimefika mlango ukiwa umefungwa. Mikrogramu 400 kwa siku zinatakiwa kuanza kabla ya mimba, jambo linalomaanisha kumfikia msichana wa kidato cha nne, bibi harusi wa Desemba, mama wa watoto watatu anayetaka wa nne, kabla hawajafika kliniki kabisa.

Yako mengine yanayozuilika, nami nitayapitia haraka. Rubela ikimpata mama katika miezi ya mwanzo huweza kumwacha mtoto na mtoto wa jicho, uziwi na moyo mbovu. Daktari wa macho Norman Gregg aliligundua hilo Australia mwaka 1941, na Kenya ilianza chanjo ya surua na rubela mwaka 2016. Kisukari kisichodhibitiwa huongeza hatari. Valproeti, dawa ya kifafa, huiongeza sana, na mwanamke anayeitumia asiiache ghafla, azungumze na daktari kabla ya kubeba mimba. Kaluvu, chang'aa na bia humfikia mtoto tumboni bila kubagua chupa. Umri wa mama nao unahusu: hatari ya ugonjwa wa Down ni karibu mtoto mmoja kwa 1,500 mama akiwa na miaka 20, na karibu mmoja kwa 100 akifika 40.

Na bado, WHO linasema, karibu nusu ya kasoro zote hazina chanzo kinachoweza kutajwa. Hapo ndipo maneno ya watu hujaza pengo. Utasikia ni kiumo, laana ya babu ambaye hakulipwa mbuzi wake. Utasikia ni uoi, uchawi wa mke mwenza. Utasikia mama alikatiza njia mbaya, au alimcheka kilema sokoni. Kila moja ya hadithi hizo hutafuta mtu wa kulaumiwa, na mara nyingi humpata mwanamke aliyelala kitandani na mshono. Baba huaga kwamba anakwenda Nairobi kutafuta kazi. Bibi mzaa baba huanza kuuliza kwao na huyo mama walikuwaje. Mtoto hafungiwi ndani kwa kukosa kupendwa. Hufungiwa kwa sababu mama amechoka kusailiwa. Katiba ya mwaka 2010, kifungu cha 54, inampa mtu mwenye ulemavu haki ya kutendewa kwa heshima na kutajwa kwa lugha isiyomdhalilisha. Kifungu hicho kinahusu pia mtoto wa siku mbili na majina anayoitwa na wageni waliokuja kumtazama.

Fedheha hiyo huua watoto kwa sababu huchelewesha matibabu, na matibabu yapo. Chukua mguu uliopinda, ambao humpata karibu mtoto mmoja kwa kila 1,000. Daktari Ignacio Ponseti wa Chuo Kikuu cha Iowa alionyesha kwamba mifupa ya mguu wa mtoto mchanga ni laini kiasi cha kurudishwa kwa mkono. Mhudumu huushika mguu, huunyoosha kidogo tu, huuzungushia pamba, kisha plasta kutoka vidoleni hadi paja. Baada ya wiki moja mama huiloweka plasta hiyo kwenye beseni la maji ya vuguvugu hadi ilegee, huibandua, mguu hunyooshwa tena kidogo, plasta mpya. Plasta tano au sita kwa kawaida. Kisha kikato kidogo kwenye kano ya kisigino, plasta ya mwisho ya wiki tatu, halafu viatu viwili vilivyounganishwa kwa chuma, vivaliwe saa 23 kwa siku kwa miezi mitatu, na baadaye usiku tu hadi mtoto afike miaka minne au mitano. Mtoto atacheza mpira. Gharama inayowashinda wengi ni nauli ya kila wiki, na ile miaka ya viatu vya usiku, ambapo mtoto analia, mguu unaonekana umepona, na jirani anasema mvueni.

Mgongo wazi ni mgumu zaidi. Kidonda kifunikwe kwa kitambaa safi chenye unyevu, mtoto alazwe kwa tumbo, na asafirishwe haraka. Wengi wa Machakos hupelekwa Nairobi, Hospitali ya Kenyatta, au huvuka mji hadi hospitali ya Kijabe, ambako madaktari wa shirika la BethanyKids wamekuwa wakiwafanyia upasuaji watoto wenye mgongo wazi na maji kichwani kwa zaidi ya miaka 20. Mbale, mashariki ya Uganda, daktari Benjamin Warf alibuni njia ya kutibu maji kichwani bila kumwachia mtoto mrija wa maisha, na njia hiyo sasa inatumika hata Marekani alikotoka. Elimu ya kutibu watoto hawa kwa sehemu imezaliwa Afrika Mashariki. Mtoto wa Masinga anapofika Kijabe akiwa na miezi minane, kichwa kimekwisha kuwa kikubwa na macho yanatazama chini, si kwamba tiba haikuwepo.

Ninachokitaka kwa Machakos ni kidogo. Hospitali ya Level 5 mjini, pamoja na Kangundo, Matuu, Mwala na Kathiani, zinaweza kuanza na orodha ya kasoro kumi zinazoonekana kwa macho, kila moja na safu yake, pamoja na kijiji cha mama na namba ya simu anayoikubali. Watoto waliozaliwa wamefariki wakaguliwe pia. Wahudumu wa afya ya jamii, ambao serikali iliwazindua wapatao 100,000 nchi nzima Septemba 2023 na kuwapa mikoba na simu, tayari hupita nyumba kwa nyumba, kama walivyopita wale wa Matungulu na Mbiuni. Wangekuwa na jina la kulifuatilia.

Na kuna mwanamke mmoja ambaye daftari hilo lingemfaa kuliko wote: yule aliyezaa mtoto mwenye mgongo wazi mwaka jana, akamzika, na sasa anafikiria kujaribu tena. Hatari yake ya kupata mwingine ni kubwa mara nyingi kuliko ya jirani yake. Mwaka 1991 Baraza la Utafiti wa Tiba la Uingereza lilichapisha jaribio lililofanywa kwa wanawake kama yeye katika nchi kadhaa, likaonyesha kwamba asidi ya foliki ilipunguza hatari hiyo kwa asilimia 72. Vidonge vya kawaida vya kliniki havimtoshi. Anahitaji miligramu 4 kila siku, mara kumi ya dozi ya wengine, kwa agizo la daktari, kuanzia angalau mwezi mmoja kabla ya kushika mimba hadi wiki ya kumi na mbili, na mtu wa kumwambia hivyo lazima ajue anakaa wapi.